Nilivyoacha hojaji na kuuliza habari za mzigo wa mwisho

Siku ya tatu pale Namanga nilikuwa na hojaji 11 zilizojazwa, na zote zilifanana. Swali la kwanza liliuliza mfanyabiashara anaridhika kiasi gani na hatua za mtangamano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Majibu: sana, sana, sana. Mama mmoja anayevusha maharage kwenda Kenya alijibu hivyohivyo, akanirudishia kalamu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo Jumuiya si iko kule Arusha?"

Ilikuwa mwaka 2022, na nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu biashara ndogo ya mpakani kati ya Tanzania na Kenya. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi. Umoja wa Forodha ulioanza 2005 niliujua, Soko la Pamoja la 2010 niliweza kulieleza hata nikiamshwa usingizini, na nilifahamu kwamba kituo cha huduma za pamoja cha Namanga kilifunguliwa rasmi na marais wawili Desemba 2018. Kutoka Arusha hadi pale ni kama kilomita 110 tu. Lakini karatasi nilizokuja nazo zilikuwa na lugha ya mikutano, na watu niliowapa walizijaza kama mtu anavyojaza fomu ya serikali: kwa tahadhari, akitafuta jibu litakalomwacha salama.

Usiku ule gesti niliufungua tena Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Utangulizi wake unataja wazi sababu za Jumuiya ya kwanza kuvunjika 1977: utashi mdogo wa kisiasa, sekta binafsi na asasi za kiraia kutoshirikishwa vya kutosha, na manufaa kugawanyika bila uwiano kati ya nchi wanachama. Ndiyo maana ibara ya 7 inaanza na ushirikiano unaowaweka watu mbele na kuongozwa na soko. Sehemu hiyo nilikuwa nimeinukuu kwenye pendekezo langu la utafiti, na bado nilikuja na maswali ambayo hayakumpa mama wa maharage nafasi ya kusema lolote. Iliniuma.

Asubuhi nilimpigia msimamizi wangu. Nilitarajia aniambie nirudi, kwa sababu zana ya utafiti ilikuwa imeshaidhinishwa. Alinisikiliza, akasema niandike kurasa mbili kueleza mabadiliko na sababu zake, nizitume kabla ya kumhoji mtu mwingine. Wewe unayekwenda uwandani, usiache hatua hii. Kurasa zile mbili ndizo zilizonilinda baadaye mbele ya watahini.

Hojaji nikaziweka kando, nikabaki na ombi moja: "Mama, naomba unisimulie mzigo wako wa mwisho, tangu uliponunua mpaka ulipouza." Sikutaja mtangamano wala Jumuiya. Kwenye daftari nilichora safu nne: mahali aliposimama, karatasi aliyoombwa, muda aliosubiri, na pesa iliyomtoka, iwe shilingi ya huku au ya kule, kwa sababu Namanga zote mbili zinapita mkononi na ukibadilisha hesabu haraka unapoteza ukweli wa bei ya siku hiyo.

Mambo yalifunguka. Kwa mfano, nilidhani nimekielewa vizuri cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa. Ni karatasi nyepesi inayotolewa palepale mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukiwa nayo, ushuru wa forodha haukuhusu. Nyaraka nilizosoma zilikihesabu cheti hiki kama jawabu la mfanyabiashara mdogo. Wanawake wa Namanga walinionyesha kwamba cheti kinaondoa ushuru, lakini hakiondoi karatasi nyingine. Maharage bado yanataka cheti cha afya ya mimea, na mazao ya chakula yana kibali chake cha kuyatoa nchini. Ukisindika, unahitaji alama ya ubora. Kila karatasi ina dirisha lake, na mengine hayapo mpakani kabisa. Mwenye lori anagawa gharama hizo kwa tani nyingi, lakini mwenye magunia manne anazibeba zote juu ya magunia manne.

Hapo ndipo nilipoelewa njia za panya. Nilikuwa nimeziandika kwenye pendekezo kama ukwepaji wa ushuru. Lakini mtu ambaye hadaiwi ushuru anakwepa nini? Katika masimulizi niliyoyakusanya, kilichokuwa kinakwepwa mara nyingi ni siku nzima ya kusubiri, na hofu ya kuambiwa karatasi moja imepungua huku nyanya zinaiva juani. Sura nzima ya tasnifu ilibadilika kwa sababu ya safu ya tatu ya daftari langu, ile ya muda.

Sikuandika jina la mtu wala kuchora njia hizo zinapita wapi. Niliwaambia hivyo kabla hawajaanza kusimulia, na daftari waliliona. Mtafiti anaondoka baada ya wiki sita, wao wanabaki na askari walewale.

Jambo lingine ambalo hojaji isingenipa ni tarehe. Wafanyabiashara hawakuniambia "2017". Waliniambia "wakati wa vifaranga", yaani ile Oktoba ambayo vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilikamatwa na kuchomwa moto na mamlaka za Tanzania. Waliniambia "wakati wa sumukuvu", yaani Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumu hiyo ya ukungu wa nafaka, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti ya usajili na vyeti. Na "wakati wa korona" hauhitaji maelezo. Nilipanga masimulizi yote kwa nyakati hizo, nikaona kitu ambacho takwimu za mwaka zinakifunika: zuio la siku chache linaweza kuvunja uhusiano wa mteja uliojengwa kwa miaka. Mnunuzi wa Nairobi akikosa mzigo mara moja, anatafuta mtu mwingine, na zuio likiondolewa harudi. Hili sikuliona kwenye ripoti hata moja niliyokuwa nimeisoma.

Upande wa Kenya nilivuka baada ya kupata kibali cha huko, maana sheria yao ya mwaka 2013 inamtaka kila mtafiti awe na leseni. Cha kwangu kilichelewa, nikapoteza wiki mbili. Anza kukifuatilia hata kabla pendekezo lako halijapita. Nilipovuka, nilikuta masimulizi yaleyale yakielekea kusini. Wanaoingiza viatu na sabuni Tanzania walilalamikia madirisha ya kwetu kwa maneno yaleyale ambayo wa kwetu walilalamikia ya kwao. Kama ningebaki upande mmoja, ningeandika tasnifu ya kuilaumu Kenya.

Siku ya utetezi mtahini mmoja alinibana: masimulizi 34 yanawezaje kusema lolote kuhusu Jumuiya, iliyokuwa na nchi saba wakati huo? Nilimjibu kwamba hayasemi juu ya nchi saba. Yanasema ni katika hatua ipi, kwa magunia manne, ahadi iliyosainiwa inakwama. Aliandika kitu, akaniomba niongeze aya moja juu ya mipaka ya utafiti. Niliiongeza, na alikuwa sahihi kuidai.

Kabla ya kukabidhi nakala ya mwisho nilirudi Namanga na sura ya nne, nikamsomea yule mama wa maharage dukani kwa shoga yake, nikitafsiri kutoka Kiingereza nilichoiandikia. Alisikiliza akiwa anachambua mawe kwenye ungo. Nilipofika kwenye mchoro wa hatua za kuvuka, akaninyoosha: "Hapo umepindua. Mzani kwanza, afya ya mimea baadaye. Ukienda hivyo ulivyoandika watakurudisha." Nilitoa kalamu, nikaurekebisha mchoro palepale, akaukagua tena kuanzia juu.