Usiku wa vitufe 62

Alhamisi moja jioni mwaka 2022, nikiwa nimebakiza usiku mmoja tu kabla ya kuwakabidhi wasanidi programu faili langu la Figma, yaani programu ya kusanifia mwonekano wa programu na tovuti, nilipokea ujumbe mfupi wa mteja. Watu waliokuwa wakijaribu mfano wa programu ya simu walikuwa wakikosea kugusa kitufe kikuu, hivyo aliomba kimo chake kiongezwe kutoka 40 hadi 48, na katika skrini za malipo neno «Lipa» libadilishwe liwe «Thibitisha malipo». Ombi lenyewe lilikuwa la haki kabisa. Mwongozo wa Android unashauri eneo la kugusa lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini cha Android), na ule wa Apple unataja pointi 44. Mimi nilichora 40 kwa sababu kitufe kilipendeza kwenye skrini pana ya kompyuta, mahali ambapo hakuna anayekigusa kwa kidole gumba.

Sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa kitufe hicho nilikuwa nimekifanya komponenti tangu wiki ya kwanza, yaani kielelezo kimoja ambacho kikibadilishwa nakala zake zote hufuata. Nilifungua ukurasa wa komponenti, nikabadilisha kimo cha komponenti kuu, kisha nikarudi kwenye skrini zote 62 nikitarajia kuona kila kitufe kimefuata. Vilivyofuata ni 19. Vingine 43 vilibaki vilevile.

Nilibofya kimojawapo na kutazama orodha ya tabaka, yaani ya vitu vyote vilivyomo kwenye mchoro, upande wa kushoto. Nakala ya komponenti huonekana pale kwa rangi ya zambarau, ikiwa na alama ya almasi tupu. Mahali pake niliona fremu, yaani kisanduku cha kubebea vitu, ya kawaida isiyo na rangi, iliyoitwa «Frame 214», na ndani yake mstatili na maandishi niliyoyaweka katikati kwa kukadiria kwa macho. Hapo nikakumbuka. Kila nilipohitaji aikoni ndogo pembeni ya maneno, nilikuwa nabonyeza Ctrl, Alt na B, yaani naitenga nakala na komponenti yake, naongeza aikoni, kisha nainakili fremu hiyo kwenye skrini inayofuata na inayofuata. Kila mara niliona nimeokoa dakika moja. Nilipoandika «Thibitisha malipo» katika mojawapo, maneno yalitoka nje ya mstatili pande zote mbili, kwa sababu mstatili haukuwa na habari yoyote na maandishi yaliyokuwa juu yake.

Nilianza kurekebisha kimoja kimoja. Nilipofika cha sita nilimpigia simu dada mmoja aliyenitangulia miaka mingi katika kazi hii, nikamweleza na kumtumia kiungo cha faili. Baada ya muda mfupi nikaona kishale chake kikitembea juu ya skrini zangu, kikisimama hapa na pale, naye akiwa kimya kwenye simu.

«Mdogo wangu, usiguse kitufe kingine,» alisema hatimaye. «Kwanza hifadhi toleo kwenye historia ya faili na ulipe jina. Halafu tukijenge kitufe upya, tukianzia kwenye maandishi.»

Tukianzia kwenye maandishi: maneno hayo ndiyo yaliyonibadilisha. Miaka yote nilikuwa nikichora mstatili kwanza, kisha natafuta namna ya kuyaingiza maneno ndani yake. Yeye aliandika neno peke yake, ukubwa 16 na kimo cha mstari 24, kisha akabonyeza Shift na A ili kulivika mpangilio otomatiki, unaoifanya fremu ijipime yenyewe kwa kufuata kilichomo ndani yake. Fremu ikazaliwa kuzunguka neno. Akaweka nafasi ya ndani 12 juu na 12 chini, na 24 kila upande. Ishirini na nne na kumi na mbili mara mbili ni 48. Kimo alichokitaka mteja kikapatikana chenyewe, bila mtu yeyote kukivuta kwa kipanya. Rangi ya usuli ikawekwa kwenye fremu hiyohiyo, na mstatili wangu ukakosa kazi.

«Sasa andika neno refu kuliko yote uliyo nayo,» alisema. Niliandika, kitufe kikatanuka. Nikaandika «Lipa», kikajikunyata. Akaniambia kwamba katika skrini ambazo kitufe kinatakiwa kujaza upana wote, nisikivute hadi ukingoni bali nikiagize kijaze fremu inayokibeba, ili skrini ikibadilika upana nacho kifuate.

Nikamuuliza kuhusu aikoni, maana ndiyo iliyonifanya nizitenge nakala. Aliiweka aikoni ndani ya komponenti kuu, mbele ya neno, akaacha mwanya wa 8 kati yake na maandishi, halafu akaificha kwa kubofya alama ya jicho kwenye orodha ya tabaka. Aikoni ilipofichwa, mwanya nao ulifumbika na neno likarudi katikati, kwa kuwa tabaka iliyofichwa ndani ya mpangilio otomatiki haihesabiwi nafasi. Katika nakala yoyote inayohitaji aikoni, mtu analifungua jicho tu na kitufe kinapanuka kuipokea, huku kikiwa bado kimeshikamana na komponenti yake. Nililitazama jicho lile likifunguka na kufumba mara kadhaa. Sababu pekee niliyokuwa nayo ya kutenga nakala 43 haikuwa sababu tena.

Aliniaga, nami nikabaki na kazi ya kubadilisha. Nilijaribu kuvitafuta vitufe vya zamani kwa majina, lakini tabaka zangu ziliitwa «Frame 214» na «Rectangle 37», majina yasiyosema chochote. Nikajaribu kuvichagua vyote kwa pamoja kupitia rangi, kwa amri ya kuchagua vitu vyenye rangi moja, nikagundua kwamba buluu yangu ilikuwa tatu: nilikuwa nikiidondoa rangi kutoka kwenye picha badala ya kuihifadhi kama mtindo, na kila udondoaji ulileta tofauti ndogo ambayo jicho halikuiona ila programu iliiona. Nilizikusanya zote tatu ziwe mtindo mmoja wenye jina. Humohumo niliona maandishi ya maelezo niliyoyaandika kwa kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, ambacho utofauti wake wa mwangaza na usuli haufiki 3 kwa 1, ilhali WCAG, viwango vya kimataifa vya kuifanya wavuti isomeke na watu wote, vinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nikayapa #767676, yakavuka mpaka huo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa mwendo mzuri. Nilinakili kitufe kipya, nikachagua vya zamani vya kila skrini, nikabonyeza Ctrl, Shift na R ili kipya kikae mahali pa kila kimoja, kisha nikaandika upya maneno ya kila kitufe na kufungua jicho palipohitaji aikoni.

Karibu na alfajiri nilifanya jaribio la mwisho. Katika komponenti kuu niliongeza nafasi ya juu na ya chini kutoka 12 hadi 14, kisha nikapunguza ukubwa wa ukurasa hadi skrini zote 62 zikaonekana kwa pamoja. Vitufe vilinyanyuka mara moja, isipokuwa kimoja, kwenye skrini ya hitilafu ya mtandao, ambacho nilikuwa nimekifunga kwa kufuli wiki kadhaa zilizopita nikakisahau. Nilikifungua, nikaweka nakala mpya mahali pake, nikarudisha nafasi kuwa 12, na kuhifadhi toleo la pili lenye jina.