Pale Mama Anaposimama

Juzi jioni mwanangu wa mwisho alikuwa ameketi sakafuni akimtazama bibi yake, aliyekuwa akizungumza na dada yangu kwa simu ya video huku akitembea taratibu kutoka sebuleni. Bibi alipofika kwenye kona ya korido alisimama ghafla, kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto, akaendelea kuongea papo hapo hadi mazungumzo yakaisha. Mtoto akanigeukia na kuniuliza: “Baba, kwa nini bibi akiongea na shangazi havuki pale?” Nilimjibu kwamba bibi amezoea tu. Jibu hilo halikuwa la uongo, ila lilinirudisha kwenye majuma ambayo nisingependa sana kuyasimulia.

Nilikuwa nimefunga vile visanduku vitatu vya meshi, yaani vya kusambaza waifai nyumba nzima, kwa mikono yangu mwenyewe. Kimoja niliunganisha kwa waya na ruta ya zamani tuliyopewa na kampuni ya intaneti, na viwili vilivyobaki vikawa vinapokea mawimbi na kuyasukuma mbele, vyote vikitumia jina moja la waifai, ili simu ihame kutoka kisanduku hiki hadi kile bila mwenyewe kujua. Ndivyo kijitabu cha maelezo kilivyosema, na ndivyo nilivyowatangazia watu wa nyumbani, kwa sauti ya mtu aliyeigundua teknolojia hiyo yeye mwenyewe. Kwa kuwa sikutaka kuzunguka na kuingiza nywila upya katika kila simu, niliupa mtandao mpya jina na nywila zilezile za ule wa zamani. Wakati ule nilijiona mjanja.

Haikupita wiki Mama akaanza kulalamika. “Baba, huu mtandao wako unaniacha njiani,” aliniambia, na nilipomuuliza njia ipi, alinionyesha kigae cha nne kutoka kwenye mlango wa sebule. “Nikivuka hapa tu, inakatika. Nikisimama upande huu, haikatiki.” Nilimsikiliza kwa heshima zote anazostahili mama, kisha nikayapuuza maneno yake, kwa sababu nilikwisha kuamua kwamba tatizo ni simu yake.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Nilizima na kuwasha kila kitu, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Nilimpigia simu mhudumu wa kampuni, naye akanishauri nizime na kuwasha kila kitu. Niliiambia simu ya Mama isahau mtandao kisha nikaiunganisha upya. Nilikihamisha kisanduku cha chumbani kutoka nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia, maana utando wa metali ulio nyuma ya kioo hurudisha mawimbi yalikotoka, na hapo angalau kasi ya chumbani iliongezeka. Niliwasha kile kipengele cha kuhama kwa haraka, yaani 802.11r, na tableti ya zamani ya watoto ikagoma kabisa kuuona mtandao, kwa hiyo nikakizima tena kabla kelele hazijawa kubwa. Mwishowe nilimnunulia Mama simu mpya. Simu hiyo mpya ilikatika kwenye kigae kilekile cha nne.

Niseme kwa kujitetea kidogo kwamba nadharia yangu haikuwa ya kijinga. Watu wengi hudhani kuwa visanduku ndivyo vinavyoihamisha simu, kumbe simu yenyewe ndiyo inayoamua. iPhone, kwa mfano, haianzi kutafuta mahali pengine mpaka mawimbi inayoyapata yashuke chini ya dBm -70 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), na hata hapo hutaka kituo kipya kiwe kimekizidi cha zamani kwa desibeli 8 ikiwa kuna data inayopita, au 12 ikiwa imetulia. Viwango vya 802.11k na 802.11v huviwezesha visanduku kuipatia simu orodha ya majirani na kuishauri ihame, lakini ushauri ni ushauri, na ziko simu zinazong’ang’ania kisanduku cha mbali wakati kingine kiko hatua mbili tu. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote, na kwa kuwa nilikuwa nimeyasoma, sikuona sababu ya kukitazama kigae.

Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, nilimwomba Mama tutembee pamoja. Niliweka katika simu yake mpya programu inayoonyesha nguvu ya mawimbi pamoja na anwani ya kifaa ambacho simu imekishika. Nilikuwa na karatasi mkononi yenye anwani sita, kwa sababu kila kisanduku kati ya vile vitatu kilikuwa na mbili, moja ya gigahezi 2.4 na nyingine ya gigahezi 5. Dada yangu alikuwa hewani kwenye spika, akitucheka kwamba tumekuwa kama watu wanaotafuta maji kwa kijiti. Mama alivaa miwani yake, akaishika simu kwa mikono miwili kama anayebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akaanza kutembea huku akinisomea tarakimu kwa sauti ya chini ili asiwaamshe watoto. “Hamsini na mbili. Hamsini na tisa. Sitini na sita.” Zote zilikuwa na alama ya kutoa mbele yake, na Mama, ambaye hapo awali nilikuwa nimemweleza mara moja tu kwamba kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo mawimbi yanavyofifia, alizitamka kama muuguzi anayesoma kipimo cha homa inayopanda. Tulikikanyaga kigae cha tatu. “Sabini na nne,” akasema, kisha akasimama mwenyewe bila kuambiwa.

“Endelea tu, Mama,” nikamwambia.

Alinitazama kwa juu ya miwani, akavuka. Sauti ya dada yangu ikakatika katikati ya neno. Mama hakushtuka, kwa kuwa alilitarajia, na aliisogeza simu karibu na macho yake. “Sasa ni arobaini na tisa,” akasema. “Na hizi herufi zimebadilika. Mwishoni imeandika tatu B.”

Niliiangalia karatasi. Hapakuwa na 3B. Nilizisoma anwani zote sita tangu juu hadi chini, nikazirudia kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma, na bado hapakuwa na 3B. Zaidi ya hapo, kutoka -74 hadi -49 ni tofauti ya desibeli 25, yaani nguvu iliyoongezeka zaidi ya mara mia tatu kwa hatua moja ya mtu mzima, na hakuna kisanduku changu kilichokuwa karibu kiasi hicho. Niliichukua simu, nikafungua mipangilio, nikaona kwamba anwani ya IP, yaani namba ambayo mtandao huipa simu, na ambayo dakika moja kabla ilianza na 192.168.50, sasa ilikuwa 192.168.1.7. Mama alikuwa ameegemea ukuta. Nyuma ya ukuta huohuo kulikuwa na kabati, na ndani ya kabati, taa zake zikimetameta kwenye giza, ilikuwepo ruta ya zamani, ambayo sikuwahi kuizima waifai yake.

Nilisimama mbele ya kabati lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila kitu kilikuwa kimejieleza. Ruta ilikuwa ikitangaza jina lilelile kwa nywila ileile, na simu, ambayo huyakusanya majina yanayofanana na kuyaonyesha kama mtandao mmoja, haikuwa na namna ya kujua kwamba ile ni nyumba nyingine. Ilifanya kile ambacho simu yoyote yenye akili ingefanya: ilihamia kwenye mawimbi yenye nguvu zaidi. Tatizo ni kwamba ndani ya meshi simu huhama huku ikibaki na anwani yake ileile ya IP, lakini ikihamia kwenye ruta hupewa anwani mpya, na mazungumzo yaliyokuwa yamefungwa kwenye anwani ya zamani hubaki yakining’inia. Ndiyo maana vijiti vya mtandao vilijaa huku sauti imepotea. Akigeuka kurudi sebuleni, mkasa ulijirudia kwa upande wa pili. Hata printa, ambayo baadhi ya siku ilionekana kwenye simu na siku nyingine ikatoweka, nayo ilikuwa mhanga wa ujanja wangu.

Kuizima waifai ya ruta kulichukua chini ya dakika mbili. Tulimpigia dada tena, Mama akatembea hadi chumbani na kurudi, na simu haikukatika. “Basi umeitengeneza,” akasema, akanipa simu, akaenda kulala. Sikumwambia ni nini hasa nilichokitengeneza. Simu yake ya zamani, iliyokuwa nzima muda wote, ilikaa kwenye mtoto wa meza kwa miezi kadhaa, na kila nilipolivuta droo lile kutafuta kitu nililisukuma haraka. Wakati mwingine nadhani anajua. Wakati mwingine nadhani kwake lilikuwa jambo dogo lililopita, na mimi ndiye niliyebaki nalo.

Juzi, baada ya lile swali la mtoto, nilisubiri hadi dada alipopiga tena, nikamfuata Mama kwenye korido. “Pita tu, Mama,” nikamwambia kwa sauti ya chini. “Siku hizi haikatiki.”

Alikitazama kigae, akanitazama mimi, akaifunika simu kwa kiganja.

“Ngoja kwanza nimalize kuongea,” akasema.