Mbwa Wawili, Wifi Mmoja na Msitu wa Pugu

"Mama, hawa wa kuwindia?"

Ndivyo tulivyokaribishwa. Askari wa Msitu wa Pugu, jirani na Dar es Salaam, alikuwa ameinama kwenye dirisha la Noah yetu akiwaangalia Simba na Popi waliolala nyuma juu ya turubai, ulimi nje. Swali lenyewe sikulielewa mara moja. Kwetu Segerea mbwa ni mlinzi: mchana bandani, usiku anafunguliwa abwekee wezi na paka. Lakini ukingoni mwa msitu, mtu akishuka garini na mbwa wawili, watu wanajua amefuata paa.

Nikamwambia Simba hajawahi kukamata hata panya wa jikoni. Akacheka, lakini tukaelewana: mbwa wabaki nje. Sikubishana naye, kwa sababu nilishahisi itakuwa hivyo, na watu wazima tulikuwa watatu makusudi ili tupeane zamu. Niliowadanganya ni watoto. Niliwaahidi kwamba tutaingia wote.

Ugumu mkubwa ulikuwa ndani ya gari. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu wa swala tano, na mbwa kwake ni najisi: nguo ikiguswa na mate yake inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Si kwamba anawachukia. Mifupa anawatupia kila akija, ila kwa mbali. Basi yeye tukamweka mbele na mume wangu, mimi na watoto katikati, mbwa nyuma kabisa, minyororo imefungwa fupi wasiweze kunyoosha shingo hadi mbele. Tulitokea Banana, na foleni ya Gongo la Mboto ikatukalisha juani hadi Popi akaanza kuhema vibaya. Tukasimama, tukawanywesha kwenye sufuria. Ukitoka na mbwa Dar, maji yao yawe mengi kuliko yenu, na gari lisifungwe vioo hata dakika tano.

Zamu ya kwanza walikwenda mume wangu na watoto, na mwenyeji wa kuwaongoza. Mimi nikawatembeza mbwa kwenye njia ya vumbi upande wa nje, kati ya mikorosho na mihogo ya watu. Mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi wake akasimama kabisa. "Hao hawang'ati?" Baada ya shikamoo nikamwonyesha kadi zao za chanjo ya kichaa cha mbwa, maana nazibeba kwenye mkoba kama leseni. Akazipekua zote mbili, akahakikisha muhuri, ndipo akapitisha mbuzi. Alikuwa na haki. Ugonjwa ule dalili zikishamtokea mtu, hakuna tena cha kumfanyia.

Watoto walirudi wakikimbia, kila mmoja anataka aseme yeye. Walikuwa wameona sange! Mnyama wa kimo cha sungura mdogo, pua ndefu kama mrija, anafukua majani makavu akitafuta wadudu, halafu akawasikia na kuchomoka. Mdogo akaniambia, kwa uso wa mtu aliyedanganywa, kwamba eti yule ni ndugu wa tembo kuliko panya. Ni kweli, wataalamu ndivyo walivyomweka. Hapo ndipo nilipotulia rohoni kuhusu wale mbwa. Simba angemwona sange yule, mnyororo ungenikata vidole.

Kilichomshangaza mkubwa ni kitu kingine: kwamba Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Yeye Msimbazi anaoujua ni ule wa mafuriko ya Jangwani, mweusi, umejaa chupa za plastiki. "Sasa nani anauchafua njiani?" Baba yake akajibu, "Sisi," akaenda kufungua chupa ya chai.

Jua lilipoanza kushuka tukabadilishana, mume wangu akabaki na mbwa, mimi nikafuata watoto kwenye mapango ya popo. Si mapango ya asili, yalichimbwa na watu waliokuwa wakifuata kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kaure. Kuta zake bado zinaacha unga mweupe viganjani. Harufu ya kinyesi cha popo inakupata kabla hujaona mlango, inachoma macho kabisa. Tukasimama nje, hatukuingia. Kwanza wakatoka wawili watatu, kama waliotumwa kuchungulia. Kisha mlango wote ukamwaga popo, wakapita juu ya vichwa vyetu hadi nikasikia upepo wa mbawa zao kwenye nywele. Mdogo alinishika kanga kwa mikono yote miwili na hakusema neno, jambo ambalo nyumbani halijawahi kutokea.

Tuliporudi garini tulimkuta mume wangu ana sura ya mtu mwenye kesi. Wifi alikuwa amejilaza kwenye mkeka chini ya mkorosho, usingizi ukampitia. Mume wangu akageuka kupokea simu, mnyororo ukamponyoka, na Popi akaenda kumlamba wifi mguu, na kanga yake juu.

Njia nzima hakuna aliyeongea. Nyumbani mimi nikawafungia mbwa barazani kuwatoa kupe, maana majani yale yana kupe kwelikweli: Simba alikuwa nao saba ndani ya masikio na wawili katikati ya vidole, mahali ambapo usipopanua ngozi huwaoni. Nikiwa bado na kibano mkononi, wifi akatoka na beseni, akatazama uwanja wetu uliotandikwa pevingi ukuta hadi ukuta.

"Wifi, nyumba hii haina udongo?"

Nikamwonyesha ndoo yangu ya alovera. Akachota konzi moja, akachuchumaa kwenye bomba, akaanza kuhesabu kwa sauti ili sote tusikie.