Mradi wa mbu: kifuko cha sukari kimetoka kizima

Kimetoka! Kizima, cha kijani, kimejaa, na viputo vya hewa vinaonekana ndani. Tangu masika nimekuwa nikigombana na kitu kisichofika ukubwa wa punje ya mtama.

Kwa waliochelewa: mbu jike akinywa maji ya sukari (yangu nayatia rangi ya chakula ya kijani), hayapeleki inakokwenda damu. Damu inashuka moja kwa moja kwenye utumbo wa kati. Sukari inawekwa pembeni, kwenye kifuko kilichochipuka kooni, halafu inaachiliwa kidogo kidogo ikasagwe. Nilitaka kuyaona yote mawili kwa mbu wa hapa hapa Ngamiani, si kwenye mchoro wa kitabu.

Shida ni kukitoa. Njia inayofundishwa kila mahali ni ya watu wa malaria: sindano moja inabana kifua, nyingine inashika pingili za mwisho za tumbo, unavuta taratibu hadi utumbo utoke. Wao inawafaa, maana wanachokitafuta kiko kwenye ukuta wa utumbo wa kati. Kifuko changu kimeshikilia mbele ya hapo. Ukivuta kutoka mkiani, panapokatika ni pale pale kwenye maungio, na kifuko ama kinabaki ndani ama kinapasuka. Tone lote linageuka kijani, basi, kazi imekwisha. Nikabadili rangi ya chakula. Nikapunguza sukari chini ya ile asilimia 10 ya maabara. Nikawaacha wakae muda mrefu zaidi baada ya kunywa. Wapi! Usiku mmoja nilizitupa sindano uani, asubuhi nikaenda kuziokota kabla watoto hawajaamka.

Dawa ilikuwa kuachana na mkia kabisa. Mbu akishalegea kwenye friza namlaza chali, nabana kifua, kisha napasua ule utando laini wa ubavuni, kati ya mabamba ya juu na ya chini ya tumbo, nikianzia karibu na kifua. Upande wa chini unafunguka kama kifuniko. Kifuko kikubwa kiko hapo hapo (viko viwili vidogo zaidi kifuani, hivyo sina shida navyo). Hukivuti. Unaongeza tone la maji ya dripu ya chumvi na kukiacha kielee chenyewe, ndipo unakata shingo yake.

Sindano ziwe za insulini. Za kushonea ni nene mno, hata ukizinoa. Na hizi lenzi za kubandika kwenye simu, zinazosifiwa sana, ni za kupigia picha ukishamaliza; huwezi kupasulia chini yake, mkono hauna pa kupita.

Asubuhi ya pili nikamnasa aliyeshiba ndani ya chandarua, nikampasua vilevile. Utumbo wa kati umevimba, mwekundu unaoelekea weusi, umejaza tumbo lote. Kifuko kimesinyaa, hakina kitu. Bibi wa jirani akachungulia: “Mwanangu, wenzio wanawaua, wewe unawafuga?” Nikamwamkia, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Hatua iliyofuata ilikuwa glikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba mwilini. Sukari ikishasagwa huzunguka kwenye damu ya mbu mwenyewe kama trehalosi (aina ya sukari), na ziada huwekwa kama glikojeni kwenye tishu ya mafuta na kwenye misuli ya mabawa. Hiyo ndiyo anayoichoma akiruka. Dume hanywi damu kabisa, kwa hiyo kwake nekta ndiyo maisha. Maabara huipima glikojeni kwa kemikali iitwayo anthroni, lakini inataka asidi kali ya sulfuriki, na mimi sileti kitu hicho kwenye nyumba yenye watoto. Nilishanunua ayodini ili nione ule wekundu wa kahawia.

Ayodini bado haijafunguliwa, kwa sababu ya mbung'o. Mzee mmoja aliyewahi kuwafuga hapa Tanga, enzi zile walipozalishwa ili madume waliohasiwa waachiwe Unguja kuukomesha uzao wa mbung'o, hadi kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o mwaka 1997, aliniambia mdudu wangu ni mwepesi mno. Mbung'o, dume na jike, wanaishi kwa damu tu. Akiba ya sukari ni kidogo sana. Wanaruka kwa kuchoma prolini, kijenzi kimoja cha protini; inageuka alanini, kijenzi kingine, kisha mafuta yanasaidia kuirudisha kuwa prolini. Ndiyo maana wanaruka kwa muda mfupi tu, kisha wanatua. Kilichoninyima usingizi ni hiki: kifuko wanacho, ila wanakijaza damu kwanza, halafu ndiyo inahamia utumbo wa kati. Kiungo kile kile, kazi nyingine kabisa!

Sasa namtaka mbung'o. Saadani wamejaa, lakini ndani ya hifadhi huchukui mdudu bila kibali, kwa hiyo ni vijiji vya nje. Shemeji anapeleka mzigo upande huo wiki ijayo. Nimempa chupa yenye wavu na kitambaa cha buluu, maana rangi hiyo wanaifuata. Ameniuliza kama wanauma. Nimemwambia avae suruali nene.