Nafua Khanga Kabla ya Kuiuza

Ukisema tu kwamba unataka kufungua duka la khanga hapa Pemba, washauri hawakosekani. Mie nilishauriwa mpaka nikachoka. Niliambiwa nisimruhusu mteja afunue doti, yaani jozi ya khanga mbili, mikono ya watu inachafua. Niliambiwa khanga ni rangi, weka nyekundu mbele watakuja wenyewe. Ami yangu, aliyefanya biashara miaka mingi na ninayemheshimu sana, akanambia mteja akishatoa pesa maneno yamekwisha. Hakuna hata moja nililolifuata, na duka lipo hapa Chake Chake, Alhamdulillahi, linasomesha watoto.

Waliokuwa wakinishauri wote ni wanaume, na hawavai khanga. Mwanamke wa kwetu hupokewa kwa khanga siku anayozaliwa, hufungwa khanga ya kisutu siku ya harusi yake, hubebea watoto kwa khanga, hujifunika akenda msibani, na siku yake ikifika khanga ndiyo inayomsitiri anapooshwa. Kitu kama hicho huwezi kukiuza kama unavyouza betri. Nilikuwa nikiumia kuwaona mama zetu wakikaa kutwa nzima kuchambua karafuu, kutenga makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vinaota weusi, halafu senti zao wanazipeleka kwenye doti ambayo mwezi haujesha imekuwa nyepesi hata haisitiri. Kwa hilo ndio nikafungua duka.

Kinachowaponza watu ni wanga. Khanga mpya hutiwa wanga, kwa hiyo ukiishika dukani inakuwa ngumu, imesimama, unadhani kitambaa kizito. Ukiifua wanga unaondoka na ndio unaijua sura yake. Na rangi nayo, hasa nyekundu na nyeusi, kuna zinazoshika na kuna zinazochuja mpaka maji ya beseni yanakuwa kama soda. Mnunuzi hayajui hayo mpaka afike kwake, na akishafika kwake keshalipa.

Basi mie nikafanya hivi. Kila mzigo mpya ukija, nachukua doti moja ya kila aina, nakata vipande viwili, kimoja nakiweka, cha pili nakitia kwenye beseni la maji matupu. Watu wengi hutia chumvi ili rangi ishike. Mie sitii, nataka nione ukweli wake. Nakifua mara ya kwanza, nakianika juani, nakifua tena. Kikikauka sikipigi pasi. Nakitundika dukani ubavuni mwa mwenzake mpya, doti moja, kimoja kimefuliwa na kimoja hakijafuliwa, nawaachia watu washike wenyewe.

Ami alipoviona alikasirika kweli. "Unaharibu mali! Nani atanunua khanga ukishamuonyesha imefifia?" Nikamwambia ami yangu, isiyofifia ndiyo watakayoinunua. Na ndivyo ilivyokuwa. Wanawake waliingia, wakashika hiki, wakashika kile, wakanyanyua kwenye mwanga wa mlango waone kama inapitisha, wakaitana. Wiki ile ile nilijua aina gani niagize tena na ipi nisiiguse, na sikuhitaji kumuuliza mtu. Zile zilizochuja nilizirudisha kwa yule niliyenunua kwake, na kipande kilichofuliwa kikiwa ndio ushahidi. Siku hizi ananichagulia mzigo mzuri kabla sijafungua mdomo.

Sasa utauliza, hivyo vilivyofuliwa vinakwenda wapi? Hapo ndipo ninapojivuna. Mama mjamzito hataki khanga yenye wanga ya kumpokelea mtoto, anataka laini. Zamani aliomba ya bibi yake iliyozeeka. Sasa wanakuja kwangu, wananunua kipande kilichokwisha kufuliwa kwa bei pungufu kidogo, cha mbeleko na cha kumfunikia mtoto. Mtaji wangu unarudi karibu wote.

Jambo la pili ni jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga. Maduka mengi hupanga khanga kwa rangi, na doti ikikunjwa jina linajificha ndani. Mie na binti yangu tulikunja upya duka zima, jina likae juu, kisha tukapanga kwa shughuli: za mama mahali pake, za mapenzi mahali pake, za dua, na za mafumbo rafu ya juu kabisa. Na mteja asiyeona vizuri au asiyesoma namsomea kwa sauti kabla sijafunga.

Alikuja mama mmoja wa Vitongoji, kaipenda ya manjano kule juu, anataka kumpelekea mke wa mwanawe aliyejifungua. Pesa keshazitoa. Nikamwambia, "Mama, ngoja nikusomee. Hii inasema Hasidi Hana Sababu." Akashika kifua. "Lo, mwanangu! Ningeigawa nyumba ya mwanangu kwa mkono wangu!" Nikamteremshia Wema Hauozi, pindo lake la kijani hakulipenda sana, lakini akaichukua. Arubaini ilipokwisha alirudi na yule mkwe mwenyewe, wakachagua pamoja. Ningeshika ushauri wa kwamba akilipa maneno yamekwisha, mngenisikia kwenye ugomvi wa watu.

Sare za harusi zina kazi yake. Njooni mapema, na hesabuni watu kabla ya kuja, kwa sababu korija, lile fungu la ishirini, ikivunjwa rangi ile ile huenda nisiipate tena Unguja wala Kariakoo. Mwanamke aliyekosa sare siku ya harusi hasahau duka lililomkosesha.

Na mkopo natoa. Hili nalo nilikatazwa. Lakini pesa za Pemba zinakuja na karafuu, na karafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mama akihitaji kisutu mwezi ambao mkarafuu umekataa, binti yake asiolewe? Naandika kwenye daftari, analipa elfu mbili, elfu tatu, na tunasomeana hesabu pale pale ili pasiwe na shaka. Wapo wanaochelewa. Walionikimbia ni wachache mno, na wengi wa walioandikwa humo ndio wanaoniletea dada zao na mashoga zao msimu wa karafuu ukichanganya.