Yehoshafati naye aliogopa

Kipindi kile nafanya kazi ya stoo ukapotea mzigo mkubwa tu, na lawama zote zikaniangukia mimi kwa sababu funguo nlikuwa nakaa nazo mimi. Nikasimamishwa, nikapewa barua ya kuitwa kikao cha nidhamu, na wale nliokuwa nakula nao kila mchana wakawa wakiniona wanajifanya wanaongea na simu.

Sasa usiku wa kuamkia kikao mke wangu akaniambia baba watoto hebu acha kuzungukazunguka humu ndani, kaa tusome neno. Akafungua 2 Mambo ya Nyakati 20, ile habari ya mfalme Yehoshafati wa Yuda kuvamiwa na Wamoabu na Waamoni na wale wa mlima Seiri. Hiyo sura naijua toka sandei skuli, na wahubiri wengi wakiishika wanakimbilia mstari wa 15, vita si yenu bali ni ya Mungu, kanisa zima linalipuka kwa shangwe. Ila usiku ule kilichonishika ni mstari wa 3, pale imeandikwa wazi kabisa kwamba Yehoshafati aliogopa. Mfalme mzima! Na kwenye maombi yake, watu wote wamesimama pale mpaka wake zao na watoto wadogo, anamwambia Mungu hatujui tufanyeje, tunakutazama wewe tu. Yaani hakujikaza kiume hata kidogo, na ile ahadi ya mstari wa 15 ikamkuta kwenye hofu hiyohiyo, tena kwa kinywa cha Mlawi, yaani mtu wa kabila la wahudumu wa hekalu, anaitwa Yahazieli. Nikamwambia mke wangu basi na mimi naogopa, tukaomba hivyohivyo, maombi mafupi, tukalala.

Kesho yake mikono inatetemeka mpaka karatasi inapiga kelele, ikabidi niiweke mezani. Maneno yangu ya kujitetea nlikuwa nayo mengi, wala sikuyatumia. Shahidi wa kwanza akasema mzigo ulitoka jioni nikiwepo, wa pili akasema asubuhi, mwenyekiti akamrudia wa kwanza akaanza kubadilisha, yule wa pili akapandisha hasira palepale, "si wewe ndo uliniambia niseme asubuhi?" Mi nimekaa kimya tu nawaangalia. Ndo mstari wa 23 ule, Waamoni na Wamoabu waliwageukia wa Seiri halafu wakamalizana wenyewe kwa wenyewe, Yuda hawajarusha hata mkuki.

Barua ya kunirudisha kazini ikaja, ila mkataba ulipoisha hawakuniongezea. Kuna ndugu kanisani akasema basi huo ushindi nusu. Mi nlimkatalia na bado namkatalia, maana usiku ule sikuomba ajira, niliomba nisitoke pale naitwa mwizi. Mke wangu yeye swali lake lilikuwa lingine, kwamba Yuda walikaa siku 3 wanakusanya nyara, sasa za kwetu ziko wapi? Nikamwambia akamuulize Yahazieli.