Nilivyoisoma hatua ya saratani yangu ya puru
Majibu ya kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe yalipothibitisha saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), nilitaka nipasuliwe upesi iwezekanavyo. Daktari akakataa. Kwanza tujue imefika wapi.

Nikapigwa picha ya CT ya kifua na tumbo kuangalia mapafu na ini, maana saratani hii ikisambaa huanzia zaidi huko, kisha picha ya MRI ya nyonga. Ripoti ikasema T3 N1 M0. Sikuambulia kitu, nikamwomba daktari anichoree.

T ni kina. T1 uvimbe umeingia tabaka lililo chini tu ya utando wa ndani, T2 umefika kwenye msuli, T3 umeupenya msuli hadi kwenye mafuta yanayozunguka puru, T4 umetoboa utando wa nje wa tumbo au umevamia kiungo jirani. N ni tezi za limfu: N1 ni tezi 1 hadi 3 zenye saratani, N2 ni 4 na zaidi. M ni kusambaa mbali, na 0 ni kwamba hakuna. Basi mimi nilikuwa hatua ya tatu, na wala si kwa sababu ya ile T3. Hata mwenye T1, tezi zikishaathirika, yuko hatua ya tatu. (Jamaa waliposikia "ya tatu" wakaanza kuja kuniaga.)

Lakini kilichoamua matibabu yangu zaidi ni mstari mmoja ambao karibu niuruke: umbali kati ya uvimbe na utando unaofunika yale mafuta yanayozunguka puru. Daktari wa upasuaji hutoa puru pamoja na mafuta yake, akifuata utando huo. Uvimbe ukiwa milimita 1 au pungufu kutoka hapo, ni rahisi mabaki kubaki nyongani na saratani ikarudi palepale. Wangu ulikuwa karibu kiasi hicho, ndiyo maana nilianza na mionzi na dawa za kemo ili usinyae. Ningekuwa hatua ya kwanza, huenda upasuaji pekee ungetosha.

MRI ya pili ilionyesha uvimbe umejitenga na utando, nikapangiwa upasuaji. Majibu ya maabara yalikuja yameandikwa ypT2 N0. Nikauliza tena: y ni kwamba nimepimwa baada ya tiba, p ni kwamba safari hii wamekikagua kipande chenyewe kwa hadubini, si picha.